Mtoto Amelala

"Kule kwenye kona msipige kelele. Mtoto amelala."

Hayo ndiyo aliyosema Bibi Mektrida kwenye simu, Ijumaa jioni, na mjukuu wake Kindness akaitika, "Sawa Bibi," akili yote ikiwa kwenye glavu na magunia. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Laiti angeuliza! Lakini huyo alikuwa binti wa Njoro, mjini Moshi, wa kupanda kijijini Kilema kila Krismasi kula ndizi na kushuka, na Kichagga chake kiliishia kwenye salamu.

Nia yake ilikuwa njema, mtu asimsingizie. Yeye na wenzake kumi na mmoja walikuwa wakizibua mitaro ya Njoro kila Jumamosi bila kulipwa hata soda. Bibi alipomlalamikia kwamba mfereji unaopita shambani kwake, ule waliouchimba mababu kuteremsha maji ya mlimani, siku hizi unateremsha pampasi na chupa za plastiki, Kindness aliona uchungu. Alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote. Alitaka tu, kabla mwanamke yule hajafa, ayaone tena maji safi mlangoni kwake.

Walifika asubuhi na mapema na kirikuu cha kuazima, kigari kidogo cha kubebea magunia. Bibi alikuwa ameshakwenda kusali na wanajumuiya wenzake kwa jirani, ameacha sufuria ya ndizi jikoni kwa ajili yao. Kazi ikaanza. Waliyoyatoa mle, usiombe kuyaona! Pampasi zimevimba, viatu vya mguu mmoja mmoja, nusu ya godoro. Waliimba, wakataniana, na spika ya Tito ikawafokea muziki wa Dar mpaka kuku wa jirani wakahama.

Walipoikaribia kona ya mfereji Kindness akaweka kidole mdomoni. "Jamani, zimeni muziki. Bibi kasema kuna mtoto amelala."

Wakazima. Vijana wa watu walikuwa na adabu zao. Wakaanza kunong'ona, hata reki wakaziweka chini polepole.

Ukingoni palikuwa na kichaka cha masale, majani marefu ya kijani, mifuko ya plastiki imejisokota kwenye mashina mpaka chini kabisa. Tito, aliyekulia kambini kwenye mashamba ya miwa, mtoto wa wazazi kutoka Singida, akashika shina moja. "Haya ni maua au magugu?"

Kuuliza si ujinga. Ujinga siku hiyo ulikuwa kwa aliyejibu. "Magugu hayo," akanong'ona Mchagga wetu. "Ng'oeni yote, tupanue na mfereji."

Wakang'oa. Wakakata ukingo hatua mbili nzima kwa upana, udongo wakausambaza, wakausawazisha kwa reki mpaka pakapendeza. Yote hayo kimyakimya, wasimwamshe mtoto. Kirikuu kikashuka mjini na magunia, lundo la mwisho la majani likabaki kando.

Bibi alirudi saa nne. "Shikamoo Bibi!" wakamwamkia wote kwa pamoja, na yeye, "Marahaba wanangu, marahaba." Akasimama kwenye ubao wa kuvukia, akatazama maji yanavyokwenda. Akainama kwa shida, akachota kiganjani, akanawa uso. Akacheka kama msichana.

"Mungu awazidishie," akasema. "Sikudhani nitayaona tena."

Kindness akajikuta analia kwa furaha. Siku ingeishia hapo, jamani, ingekuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake.

"Na mtoto hamkumwamsha?"

"Tulinong'ona, Bibi. Hata muziki tulizima."

"Ndiyo, mjukuu wangu." Bibi akaipinda kona na fimbo yake.

"Yeleuwiii!"

Walimkuta ameketi chini kwenye udongo mbichi, fimbo imeingia majini. "Masale yangu yako wapi? Kindness, masale yangu!"

"Tumeyang'oa, Bibi. Tulidhani magugu."

Bibi hakumfokea mtu, na ingekuwa heri angefoka.

"Mtoto wangu wa kwanza, Nikodemo. Aliishi siku tisa. Mimi nilikuwa bado ndani, mzazi, sikuruhusiwa kutoka. Babu yako akamzika peke yake, akampandia sale juu yake. Nilipotoka sikuonyeshwa kaburi, nilionyeshwa sale. Miaka sitini na miwili nampitia hapa kila siku namsalimia. Baba yako nimeshamwambia, nikifa anilaze hapa, mkono wangu umfikie."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu ndiye huyo, kasimama na fulana ya kijani, matope magotini, hana pa kujificha. Tito alikuwa ameshika kichwa.

Kindness akakimbilia lundo la majani lililobaki. Alilifukua kwa mikono, bila glavu, kamasi zinamtoka, mpaka akapata shina moja la sale, fupi, lina majani mawili na moja limechanika. Katika mambo ya kwao, hilo moja alilijua, aliwahi kulisikia kwa baba zake wadogo walipogombana: mwenye kosa akikuletea sale, huwezi kumnyima msamaha.

Akapiga magoti mbele ya bibi yake. "Bibi, nisamehe. Naomba unisamehe."

Bibi Mektrida akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mwanangu. Sale halikataliwi." Akampangusa matope shavuni kwa ncha ya kitenge. Kisha akaligeuza lile shina, akalikagua chini, na uso wake ukapata uhai kidogo. "Hili ni zima. Ukilichomeka tu linashika. Ninyanyue, nilirudishe. Haya, nionyeshe, lilikuwa wapi?"

Kindness akatazama. Mbele yake kulikuwa na hatua thelathini za udongo uliosawazishwa vizuri, unafanana kote, na alama za nyayo zao kumi na wawili zimejaa kila mahali. Akamtazama Tito. Tito naye akatikisa kichwa.

"Sijui, Bibi."

Bibi akalikumbatia lile sale kifuani, akawaangalia vijana miguuni, mmoja baada ya mwingine.

"Basi tokeni taratibu," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Msije mkamkanyaga."

Wenzake wakatoka kwa kunyata. Kindness akabaki pale pale, mguu mmoja ameuinua, hajui auweke wapi.