Alichokisema Milembe Dodoma

Ng'ombe wa Ndaki Shigela walikamatwa Jumanne asubuhi, themanini na wanne, pamoja na ndama waliokuwa bado wananyonya. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimeumaliza upande wote wa Meatu. Hata ngitiri ya ukoo, yale malisho yanayofungwa kwa ajili ya miezi migumu, ilikuwa imebaki vumbi. Ng'ombe wakavuka mpaka wa hifadhi kufuata majani, askari wakawakuta ndani, wakawaswaga.

Habari zilimfikia dada yake Dodoma, akiwa kwenye foleni ya chai pale bungeni. Milembe alikuwa na mwaka wa tisa katika ubunge. Aliposikia kwenye simu kilio cha Elina, mke wa Ndaki, alidhani ni msiba.

"Wifi, nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," Elina akasema. "Wamechukua ng'ombe. Wote."

Milembe aliweka kikombe chini. Sheria ile aliijua. Mwaka uliotangulia ilikuwa muswada: mifugo itakayokutwa hifadhini itaifishwe, basi. Aliusoma mara mbili akawaona watu wake wote humo ndani, akaandika mchango mkali wa kuupinga. Lakini kabla zamu yake haijafika, mnadhimu wa chama alimvuta pembeni, akamkumbusha lile lambo la maji alilokuwa akiliombea jimbo lake kwa miaka saba. Limeshaingia kwenye bajeti, alimwambia, na itasikitisha likitoka. Milembe akaikunja karatasi yake. Akasimama, akasifu, akaunga mkono hoja. Wabunge walipohojiwa, sauti yake ilikuwamo katika zile zilizoitikia ndiyo.

Lambo lilichimbwa, hilo nalo lazima lisemwe. Wanawake waliokuwa wakiamka alfajiri kufuata maji kwenye makorongo walipumzika. Milembe alijishikilia hapo kila dhamiri ilipomsumbua.

Alifika nyumbani Alhamisi. Ndaki alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni mwa zizi, mgongo umempinda kama wa mtu mwenye homa.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, mayu."

Alikuwa akimwita hivyo, mama, tangu utotoni. Ndaki huyu ndiye aliyemfikisha alipo. Milembe alipomaliza darasa la saba, baba yao alikuwa ameshampatia mchumba, na ng'ombe wa mahari yake ndio ambao Ndaki alikuwa akiwangoja ili naye aoe. Barua ya kuchaguliwa sekondari ilipokuja, Ndaki alimwambia baba yao kwamba binti aende shule, yeye atasubiri. Alisubiri miaka sita, wenzake wakimcheka kwenye ngoma za mavuno. Na dada yake alipoacha ualimu na kugombea ubunge, ni Ndaki aliyepanda baiskeli akazunguka vijiji vyote kumwombea kura.

"Nimempigia waziri," Milembe akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema jambo liko mahakamani, yeye hawezi kuliingilia."

Ndaki akainua kichwa. Kisha akamtazama. "Hiyo sheria ilipopita huko Dodoma, wewe ulisemaje?"

Watu zaidi ya mia tatu huitikia kwa pamoja mle ukumbini. Hakuna anayeandika nani kasema ndiyo, nani kasema siyo. Milembe alilifikiria hilo, na akaona aibu kwamba amelifikiria.

"Nilikataa, kaka. Tulizidiwa."

Ndaki akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Nilijua," akasema. "Nilishawaambia watu."

Mahakama iliamuru ng'ombe wataifishwe, wakanadiwa kabla mwezi haujaisha. Elina alisimulia kwamba mumewe aliendelea kuamka kila kulipopambazuka na kwenda kufungua zizi, akasimama pale, akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka jua lichomoze. Kisha alirudi ndani kulala.

Kilichomtoa kitandani ni kura za maoni, mwaka uliofuata. Milembe alikuwa anatetea kiti chake, na wapinzani ndani ya chama walikuwa wamejaa, wa mbele akiwa mwanasheria mmoja kijana aitwaye Joakim. Wafugaji walimkasirikia Milembe. Ndaki akaanza kuzunguka tena, safari hii kwa miguu, maana baiskeli ilikuwa imekwisha na yeye alikuwa na miaka sitini na mitano. Kila alipofika alisema maneno yaleyale: "Dada yangu alikataa. Mimi nimepoteza kuliko ninyi, ningekuwa na sababu gani ya kuwadanganya?"

Watu wakamwamini. Milembe aliona uso wa jimbo ukimgeukia tena, akafahamu ni kwa nguvu ya nani. Mara mbili alipanga kwenda kumwambia kaka yake ukweli. Mara ya kwanza alifika hadi nyumbani kwake, akakaribishwa mtindi wa kuazima kwa jirani, akaunywa, akaondoka. Mara ya pili aliishia njiani.

Wagombea walipopelekwa pamoja kwenye kata ya Ndaki, ukumbi wa shule ulijaa. Ndaki aliketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Wakati wa maswali alisimama mjumbe mmoja, mwanamke aitwaye Goodness, mwenye duka la dawa za mifugo. Hakuuliza kitu. Aliisogeza simu yake kwenye kipaza sauti, na sauti ya Milembe ikajaa ukumbini: "Wafugaji wetu lazima wajifunze kuheshimu mipaka. Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

"Ni wewe huyo?" Goodness akauliza.

Milembe alimtazama kaka yake. Ndaki alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekezwa kwenye simu, kana kwamba bado anasikiliza.

"Ni mimi," akasema. Akaanza kueleza habari za lambo, za bajeti, za mnadhimu. Hakuna aliyemzomea. Katikati ya maelezo Ndaki aliinuka, akaomba njia kwa adabu kwa waliokaa kando yake, akatoka.

Milembe alishika nafasi ya tatu. Joakim akapita. Simu za pole zilipigwa siku mbili tatu, kisha zikakoma, na dereva akaenda kutafuta kazi kwingine. Simu aliyoingoja haikuja. Alipopiga yeye, Elina ndiye aliyepokea, kila mara na neno lilelile: "Ametoka, wifi."

Mwezi wa tisa akasikia sokoni Mwanhuzi kwamba Ndaki anahamia Katavi, kwa shemeji yake, kulima. Akakodi bodaboda asubuhi ileile. Alikuta lori la Fuso limesimama uani, godoro na masufuria yamefungwa juu, kuku kwenye tenga. Elina alimkumbatia haraka, akaingia ndani kumalizia vitu.

Ndaki alikuwa anakaza kamba. Alipomwona aliiacha, akafuta mikono kwenye suruali. Milembe alifungua kinywa amwamkie, lakini kaka yake akatangulia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo mwanakijiji yeyote mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Hapakuwa na kejeli katika sauti ile. Milembe alisimama, machozi yakimshuka. Kumwitikia marahaba kaka yake hakuweza, na jibu jingine la salamu hiyo hakulijua. Ndaki alingoja kidogo kwa heshima, kisha akarudi kwenye kamba yake.