Mteremko wa Pande Mbili

Miaka thelathini na mmoja niligawa barua katika mji wetu wa Clunbridge, kwa miguu na kwa baiskeli, na miaka yote hiyo sikusoma vitabu vingi. Nilisoma bahasha. Kwa hiyo mjukuu wangu Jessamy alipoweka vitabu kumi na kimoja juu ya meza yangu ya jikoni akasema, "Bibi, nisaidie," nilidhani ananitania.

Vilikuwa vitabu vya kuchekesha, vya mji usiokuwepo uitwao Grumsel. Humo anaishi zimwi mmoja, Gorbo, muuza mikate anayewaogopa wateja wake. Kuna hekalu la mungu wa chafya, na mlinzi wa lango aliyepoteza lango lenyewe. Mwandishi wake, Bwana Orrin Tansley, alikuwa ameviandika kwa miaka ishirini na miwili, na sasa wachapishaji walitaka ramani kubwa ya kukunjwa, yenye kila mtaa na kila duka, iuzwe pamoja na vitabu.

Wachoraji wawili walikwisha jaribu. Bwana Tansley aliwarudishia kazi zao bila maelezo. Jessamy alikuwa wa tatu, na wachapishaji walimwambia waziwazi kwamba mzee akikataa tena, ramani itaachwa kabisa. Mtoto alikuwa amechora miezi minane. Wino ulikuwa umeingia kwenye kucha zake hata sabuni ilishindwa.

"Mimi nitakusaidia nini?" nikamuuliza. "Hata mstari ulionyooka siwezi kuchora."

"Hutachora. Unaujua mji ukoje ukiutembea. Mimi naujua kwa kuutazama tu kutoka juu, kama njiwa."

"Basi nipe barua nizigawe," nikasema, nikitania.

Hakucheka. Alikaa siku mbili akiandika vikaratasi mia moja na arobaini, kila kimoja kikiwa na jina la mtu wa vitabuni na mahali anapokaa. Aliandika kwa herufi kubwa, nene, kwa sababu ya macho yangu, wala hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Nikavipanga kama nilivyopanga barua zamani, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kisha nikaanza zamu yangu juu ya ramani iliyotandazwa sakafuni. Jessamy alikuwa akinisomea vitabuni kila nilipofika.

Siku ya tatu nilikwama katika Mtaa wa Mikate Moto.

"Hapa pana matata," nikasema. "Kitabu cha pili, Gorbo anatoka dukani anakimbilia hekaluni, na mikate inabingirika mbele yake. Ndiyo?"

"Ndiyo. Anateremka."

"Kitabu cha saba, kuhani anatoka hekaluni, ameketi juu ya sinia, anateleza mpaka mlangoni kwa Gorbo."

Jessamy alikaa kitako sakafuni. "Naye anateremka."

"Mtaa mmoja?"

"Mmoja. Ameandika mwenyewe kwamba hakuna njia nyingine." Akafunika uso. "Hapa ndipo walipokwama wenzangu, Bibi. Wa kwanza alilishusha hekalu, kuhani akawa anateleza kupanda mlima. Wa pili alichora mitaa miwili. Nami nimeuchora tambarare nikiomba asione."

"Ataona. Na wasomaji wake wataona."

"Basi nimekwisha."

Niliweka maji ya chai, maana mtu aliyekata tamaa hapaswi kupewa ushauri akiwa na kiu. Na nilipokuwa nasubiri birika nikakumbuka Njia ya Kanisa Dogo, hapa kwetu, niliyoipita kila asubuhi na mfuko begani.

"Mama Probert wa juu huku husemaje akienda kwa dada yake?" nikamuuliza.

"Husema anateremka kwa Gwen."

"Na Gwen akija huku?"

Jessamy akanyanyua kichwa. "Naye husema anateremka."

"Kwa sababu kila mmoja akitoka mlangoni pake huanza na mteremko. Katikati kuna kijito. Ule upande wa kupanda hakuna anayeutaja, kwa kuwa pumzi ya kusimulia hana. Niulize mimi, niliyepanda pande zote mbili."

Alinibusu kwenye paji la uso, akaacha chai ipoe. Wiki nzima alikwangua na kuchora upya. Mtaa ukazama katikati kama kitanda cha kamba kilichozeeka. Chini akapitisha kijito na daraja dogo la mawe, na toka darajani ngazi zikapanda kila upande. Juu ya daraja akamkalisha Gorbo, ulimi nje, na mkate mmoja ukielea majini.

Bwana Tansley alikuja mwenyewe, kwa treni, Alhamisi. Alikuwa mrefu, mwenye sura kavu. Ila mlangoni, alipoona karatasi sakafuni, alivua viatu bila kuambiwa, nami nikampenda hapo hapo, pamoja na soksi yake yenye tundu.

Alipiga magoti. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja Mtaa wa Mikate Moto, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Kikakaa hapo. Jessamy alinishika mkono.

"Nani amekwambia kuna kijito hapa?" akauliza mzee.

"Hakuna, bwana," akasema Jessamy. "Lakini kuhani na Gorbo wote wawili wanasema kweli. Nimetafuta mahali ambapo wote wanaweza kusema kweli."

"Kuhani hasemi kweli. Mimi ndiye niliyekosea." Alisema polepole, bila kututazama. "Nilisahau. Niligundua kitabu kikiwa kimekwisha chapwa, na nikaona haya. Wale wawili walipotaka kunisahihisha nikawakasirikia, kumbe najikasirikia mwenyewe."

"Basi hukukosea sana, bwana," nikasema. "Uliacha kuandika sehemu ya kupanda tu. Hata sisi wagawa barua tungependa kuiacha."

Akacheka, kicheko cha ghafla, mpaka akajishika mbavu. "Mama, wewe ungefaa sana Grumsel."

"Nimekwisha kaa huko wiki tatu. Mlinzi wako wa lango hana hata sanduku la barua."

Kisha akainama tena juu ya lile daraja. Alitoa mfukoni kijitabu na kipande cha penseli.

"Binti," akamwambia Jessamy, "kitabu cha kumi na mbili nimekianza, na Gorbo itambidi avuke hapa. Ngazi za upande wa hekalu ni ngapi?"

"Kumi na tisa," akasema Jessamy.

"Na za upande wa duka?"

"Ishirini na mbili. Ya chini imevunjika."

"Imevunjika," akarudia mzee, akaandika. "Mawe ya rangi gani?"

Mjukuu wangu akapiga magoti kando yake, akaanza kumweleza.