Mashine Ilipozimwa

Kompyuta ya Khalfani ililipuka ikafa Jumamosi, na kufikia Jumapili asubuhi dada yake Raudha alikuwa ameshamwambia Mwinjuma ahamishe mashine yake ya kusaga. Hukumu ilipita haraka kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kesi. Mashine ilikuwa chumba cha mbele, kompyuta chumba cha nyuma, na umeme wa nyumba nzima ulipita kwenye mita moja. Kila Mwinjuma alipowasha, taa zilififia zikawa nyekundu. Nani tena angelaumiwa?

Nyumba yenyewe iko Mtoni, nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa. Waliachiwa na baba yao, na Raudha ndiye msimamizi. Mwinjuma alikuwa mpangaji wake wa miaka, mtu asiye na kelele zaidi ya zile za mashine. Mke, watoto na mama yake mzee wote walikula kutokana na mashine hiyo. Kuihamisha si mchezo. Inataka sakafu ya zege, inataka umeme wa kutosha, na zaidi ya yote inataka wateja waliokwisha kuzoea njia. Mtoni wateja alikuwa nao. Kwingine angeanza na Mungu tu.

Khalfani naye alikuwa na yake. Shirika alikokuwa karani liliuzwa kwa wenye fedha zao, yeye akarudi nyumbani, akanunua kompyuta iliyotumika, akaanza kuchapa kadi za harusi. Baada ya muda mfupi akawa mtaalamu, kwa maelezo yake mwenyewe. Alisoma kwenye gazeti moja la Kiingereza kwamba ukihamisha kipini fulani kidogo mle ndani, kompyuta itakimbia kuliko ilivyotengenezwa kukimbia. Akakihamisha. Ikakimbia kweli, siku za mwanzo. Kisha ikaanza kuganda katikati ya kazi, maua ya kadi yamechorwa nusu, na kila ilipoganda Khalfani alifungua dirisha na kuitukana mashine ya kusaga.

Raudha alimwamini. Ni mdogo wake wa mwisho, kamlea mwenyewe, na mtoto uliyembeba mgongoni ni kazi kumwona mjinga hata akiota ndevu.

Wiki iliyofuata wakamwita fundi, binti wa Kipare aitwaye Elinaza, aliyesomea umeme na aliyejulikana kwa kutosema sana. Alikuja na begi la vifaa na kiboksi cha akiba cha umeme, kile kinachokaa ndani ya kompyuta upande wa nyuma na kuilisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita. Mgonjwa yumo humo chumbani."

Alipofungua bati la kompyuta, ndani kulikuwa kweupe. Unga ulikuwa umejaa kwenye feni na pembeni kote. Khalfani akapiga makofi.

"Si unaona! Dada, njoo uone! Unga! Jamaa katumaliza na unga wake."

Raudha alikuja, akaona, na moyo ukamtulia. Tangu Jumapili hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya Mwinjuma, na sasa alipata kitu cha kujishikilia. Alifurahi, tuseme ukweli.

Elinaza akausafisha unga kwa brashi. "Huu unaongeza joto," alisema. "Haulipui."

Akakitoa kiboksi cha zamani, akakinusa, akakifungua. Vikopo viwili vya kuhifadhi umeme mle ndani vilikuwa vimepasuka vichwa. Akakiweka kando, akafunga cha kwake, akawasha. Kompyuta ikaamka. Khalfani akaanza kushangilia, na kabla hajamaliza ikaganda.

"Mashine ya kusaga inafanya kazi sasa hivi?" Elinaza aliuliza.

Wote wakatega sikio. Kutoka chumba cha mbele ilisikika spana tu. Mwinjuma alikuwa akifungua nati.

Elinaza akamulika na tochi, akakiona kile kipini. "Hiki nani kakihamisha?"

"Mie. Nimeiongezea spidi kidogo tu. Hiyo haina ishu."

"Inachemka mpaka inachanganyikiwa." Akakirudisha mahali pake, akawasha tena. Raudha akaleta chai. Chai ikanywewa yote, kadi tatu zikachapwa, kompyuta haikuganda.

"Haya, kuganda ni mie," Khalfani alisema. Alilisema kwa shida, lakini alilisema. "Ila kulipuka? Kule kulipuka ni mashine yake, sista, usinibishie."

Elinaza alikuwa amekigeuza kiboksi kilichokufa. Nyuma yake palikuwa na swichi nyekundu ya kusukuma na bisibisi, upande mmoja imeandikwa 230, upande wa pili 115. Ilikuwa kwenye 115.

"Na hii?"

Hapo Khalfani akachangamka, maana alikuwa ameulizwa habari ya uvumbuzi wake. "Hiyo niligundua mwenyewe. Jamaa akisaga, umeme unakuwa mdogo, kompyuta haiwaki. Basi naishusha swichi, inakubali!"

"Siku ile uliishusha?"

"Niliishusha. Akawa anasaga tu, anasaga tu, kelele mtindo mmoja. Nikatoka nikamwambia, bwana wee, zima hiyo kitu, watu tunafanya kazi."

"Akazima?"

"Akazima papo hapo. Narudi mlangoni tu, nasikia paa!"

Elinaza akaweka bisibisi chini. "Swichi ikiwa hapa, unaiambia kompyuta umeme unaokuja ni nusu, iuzidishe mara mbili," alisema. "Alipokuwa anasaga umeme ulikuwa umeshuka, ikavumilia. Alipozima ukarudi wote. Nayo ikauzidisha huo wote."

"Kwa hiyo angeendelea kusaga..." Raudha alisema.

"Isingelipuka, mama."

Khalfani akasema ana kiu, akatoka kwenda kutafuta maji. Raudha hakumfuata. Alijifunga khanga vizuri akaenda chumba cha mbele.

Mota ilikuwa imeshatolewa, imelazwa juu ya gunia. Mwinjuma alikuwa amechuchumaa kwenye zege akihangaika na nati ya mwisho, mikono myeusi kwa grisi. Raudha alimweleza yote bila kuruka kitu: kipini, swichi, na jinsi kompyuta ilivyolipuka kwa sababu yeye Mwinjuma alitii.

"Kaka Mwinjuma, rudisha mashine. Huhami."

Mwinjuma hakuinuka. "Shemeji yangu ameshanipatia banda Boko. Kesho gari linakuja."

"Boko, mbali kote huko? Wateja wako wote wako hapa! Na kosa si lako, fundi ameona mwenyewe."

"Hata siku ile lilikuwa si langu, dada." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Kompyuta imelala, mkaiitia fundi. Kaifungua, kaiuliza kitu kimoja kimoja, mpaka ikasema. Mie nilikuwa hapahapa, mlango wa pili. Hukuja kuniuliza hata neno moja."

Mwinjuma akaishika spana, akainamia nati tena.