Mkuu Atahiniwa na Mkewe

Mwanamume aliyeongoza shule miaka ishirini na sita, akaagwa kwa hotuba tatu na saa ya ukutani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha mshauri nasaha akimnong'oneza jirani yake: "Wewe ulijibu nini?"

Jirani, fundi bomba aliyeletwa pale na hasira zake, akamtazama. "Nilijibu nini wapi?"

"Humo ndani. Kwenye lile swali la maana ya maisha."

"Nilisema sijui, nikalia."

"Ukalia," Mkuu alirudia, akaandika kwenye kidaftari. Huyo ndiye Mkuu. Mtaa mzima ulimwita hivyo hata baada ya ukuu wenyewe kumtoka, naye aliitika bila haya. Mtu unampeleka akaichungulie roho yake, yeye anatafuta majibu ya kuibia! Na huyu ndiye aliyekuwa akifukuza watoto wa watu shule kwa kukutwa na vijikaratasi mfukoni.

Kilichompeleka kwa mshauri nasaha si kiu ya kujijua. Tangu lini? Ni mkewe. Toka astaafu, Mkuu alikuwa ameigeuza nyumba kuwa shule. Alibandika ratiba ukutani jikoni. Alikagua vyombo. Kila asubuhi alisimama mlangoni, mikono nyuma, kuangalia nani kachelewa, na nyumba yenyewe ina watu wawili. Akimwita mkewe kwa kidole kutoka pale mlangoni, mke hageuki, na Mkuu akaandika daftarini: kiburi. Mke alivumilia mwaka na miezi miwili. Siku moja, wakiwa mezani, akasema bila kupandisha sauti: "Baba, nenda kwa yule mshauri wa kituo cha afya. Binti yako ameshaniandalia chumba kwake. Mwisho wa mwezi ukifika uko hivi hivi, mimi nahamia huko." Akaendelea kula.

Mkuu alicheka. Kisha akaona sanduku limeshateremshwa kutoka juu ya kabati, kicheko kikamkauka.

Basi akaenda. Mshauri alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wake, na ukutani kwake kulikuwa na picha ya jua linalochomoza na maneno "Kila Siku ni Mwanzo". Mkuu aliyasoma na kuyadharau papo hapo. Binti akauliza ni kitu gani kinachompa sababu ya kuamka asubuhi. Mkuu naye akauliza alama za kufaulu ni ngapi.

"Hapa hakuna kufaulu wala kufeli, mzee."

"Hakuna mtihani usio na alama, binti. Kuna mtungaji mvivu tu."

Wiki tatu alimpelekea majibu ya kukariri. Alisema amejisamehe. Alisema siku hizi anaisikiliza pumzi yake. Wiki ya pili alijaribu hata kulia kama fundi bomba, ila machozi yalimgomea, akaishia kupenga kamasi. Binti alimtazama tu bila kuandika hata neno, na hilo lilimuudhi Mkuu kupita kiasi.

Wiki ya nne binti akachoka. "Mzee, unaniletea maisha ya watu wengine. Leo nakupa kazi ya nyumbani."

Macho ya Mkuu yakang'aa. Kazi ya nyumbani! Angalau sasa kaanza kuwa na akili.

"Andika siku nzima ya mama. Toka anapoamka mpaka anapolala, na shughuli zake za wiki. Ukimaliza, mpe yeye asahihishe."

"Yeye?" Mkuu alicheka. "Binti, mama huyo aliishia darasa la saba."

"Asahihishe yeye," binti alisema, akafunga faili.

Weee, kazi ile ilifanywa! Pambizo kwa rula, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, mistari miwili chini yake. Saa kumi na mbili, anaamka. Saa moja, anapika chai. Saa nne, anafua. Saa nane, anapumzika. Jumanne, anakwenda sokoni. Hoja ishirini, zote zina namba. Alimkabidhi mkewe karatasi na kalamu nyekundu, akavuta kiti karibu, akakaa kusubiri sifa.

Mke alivaa miwani. Aliisogeza karatasi mpaka ikakaribia kumgusa pua, akageuza kichwa upande, akaanza kusoma.

"Saa kumi na moja," alisema, akatia alama ya kosa. "Saa kumi na mbili nimeshafagia, nimeshapasha maji yako ya kuoga. Kwani ulidhani yanajipasha yenyewe?" Akashuka chini. "Saa nane sipumziki. Namwogesha mama wa jirani, yule aliyepooza. Mwaka wa tatu huu." Kosa. Kosa. Kosa tena. Kisha akasimamisha kalamu. "Jumanne siendi sokoni."

"Si unarudi na kikapu!"

"Sokoni napitia wakati wa kurudi. Nakwenda kliniki ya macho. Nina presha ya macho, Baba. Hili la kushoto limeshakwenda. Wanalipigania la kulia."

Mkuu alitazama mlango, akatazama kiti cha mkewe. Mlango ule aliozoea kumwitia kwa kidole ulikuwa kushoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unawahi kikao cha bodi. Mara ya pili ulikuwa unaandika hotuba yako ya kuagwa, ukaniambia nisikukatize."

Aibu ilimpanda Mkuu mpaka masikioni. Mtu aliyejua mahudhurio ya wanafunzi mia nane, nani mtoro na nani mgonjwa, nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwangalia, naye akampita. Mke hakumsubiri amalize kuona aibu. Aliandika chini ya karatasi: mbili juu ya ishirini.

"Hizi mbili za nini?" Mkuu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Za mwandiko."

Jumanne Mkuu aliamka saa kumi na moja bila kuamshwa, akapasha maji, nusu akayamwaga sakafuni. Kisha akamuuliza mkewe kama anaweza kufuatana naye. Akamuuliza, jamani, hakumtangazia! Mke alisema njia si ya baba yake, anayetaka apite.

Kliniki walikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka nesi alipoita. Mkuu naye akainuka.

"Mzee, wewe unamtafuta nani?"

"Nimemsindikiza mke wangu."

Nesi akatazama kadi, akamtazama Mkuu, akairudia kadi. "Mama, mbona hapa tumeandika wewe ni mjane?"

Benchi zima likamgeukia Mkuu.

"Siku ya kwanza mliniuliza nani atanisindikiza," mke alisema, wala hakuona haya. "Nikasema hakuna. Mkauliza, na mume je? Nikaona kueleza ni kazi ndefu."

Miaka ishirini na sita Mkuu hakuwahi kuacha kosa lipite kwenye karatasi. "Hilo ni kosa, nesi," alisema. "Tafadhali rekebisha."

Nesi alishika kalamu, lakini hakumtazama yeye. "Nirekebishe, mama?"

Mke alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko Mkuu alivyoweza kustahimili, na watu wote wa kwenye benchi walikuwa wametega masikio.

"Iache kwanza," alisema. "Aje tena Jumanne nyingine, ndipo tuone."