Unga wa Ushahidi

Mwizi wa nyumbani kwangu alikuwa na tabia ya ajabu. Hakugusa sukari wala khanga zangu za sandukuni. Alichukua mkasi, na baada ya siku mbili mkasi ukaonekana kwenye kapu la vitunguu, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuuweka. Futi ya kupimia nayo ilikuwa na safari zake. Mimi ni fundi cherehani, bila vitu hivyo sina kazi. Nikasema hapa kuna mkono wa mtu, na mtu mwenyewe nilimjua.

Alikuwa wifi yangu Amne, dada mkubwa wa mume wangu Mselemu, aliyehamia kwetu Singida mjini kutoka Kinyangiri baada ya kufiwa na mumewe. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, kisha nikamchunguza kutwa nzima. Alitembea pekupeku, humsikii anapopita. Jioni yeye na Mselemu waliongea Kinyiramba, lugha ya kwao, na mimi mtoto wa mjini nikabaki kusikiliza kama jina langu litatajwa. Lilitajwa sana. Kweli vitu vilikuwa vikipotea hata kabla hajaja, lakini wakati huo nilimshuku mpangaji, naye alikwisha kuhama.

Mwaka ule mitumba ilikuwa imeruhusiwa na kujaa sokoni, sisi mafundi tukabaki kupunguza suruali za Wazungu. Kwa hiyo Marietha wa Kinampanda aliponiletea kitambaa cheupe cha gauni la harusi, niliapa sitainuka kitini mpaka liishe. Zilipobaki siku mbili, kipande cha kifua kikatoweka.

"Dada Amne arudi Kinyangiri," nilimwambia Mselemu. "Ama yeye, ama mimi."

"Una ushahidi, mama Zabibu?"

"Kesho utauona."

Kesho yake nikabandika maharage, nikachukua unga wa sembe nikanyunyiza mlangoni mwa chumba cha cherehani na ukumbini kote, mwembamba kama vumbi. Mtu asingeuona mpaka aukanyage. Nikauruka kwa uangalifu, nikaenda kununua uzi.

Nilirudi na nyanya. Uzi niliusahau, lakini sikujali, maana ukumbi mzima ulikuwa nyayo tupu. Nilifurahi, nakiri. Nikamwita Mselemu aje aone, na Amne akatoka uani akasimama nyuma yetu.

Nilisahau kwamba mume wangu alikulia machungani. Alichuchumaa, akazitazama nyayo kama anatafuta ng'ombe aliyepotea.

"Huyu wa pekupeku ni dada," alisema. "Alitoka uani moja kwa moja mpaka jikoni, akarudi uani. Hakugeuka popote."

"Maharage yalikuwa yanaungua," alisema Amne. "Nikayaepua."

"Lakini huyu wa kandambili," Mselemu aliendelea, "aliingia kwa mlango wa mbele. Akafika mlangoni mwa cherehani, hakuingia. Akaenda kwenye redio, akasimama. Akaenda dirishani. Akarudi nusu, akageuka, akaingia stoo. Huyu si mwizi. Mwizi anajua anachokitaka." Aligusa unyayo mmoja kwa kidole. "Kisigino cha kushoto kimekatika."

Sikutaka kutazama chini. Kandambili yangu ya kushoto ilikatika kisigino tangu Idi, na ukingo wake ulikuwa mweupe kwa unga.

Ndipo nikakumbuka. Nilirudi kuchukua kipande cha kulinganisha rangi ya uzi. Redio ikataja bei ya alizeti. Dirishani nikaona kuku anaelekea stoo kwenye alizeti zetu, nikakimbia kumfukuza mpaka nje kwa mlango wa stoo. Uzi ulikuwa umeshanitoka kichwani, na unga pia.

Nilizifuata zile nyayo mpaka stoo kana kwamba ninamfuata mtu mwingine. Ziliishia kwenye gunia la alizeti, na juu ya gunia, kimekunjwa vizuri, kilikuwa kile kipande cha kifua. Nilikiweka mimi, juzi, nilipokuwa nikimfukuza kuku huyohuyo.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilipotoka, nikakuta Amne ameshafunga mzigo wake.

"Nisamehe, dada," nilisema. "Nilikuita mwizi, kumbe mwizi ni kichwa changu."

Amne alijitwika mzigo. "Si mkasi tu, wifi. Sufuria zako naziepua mimi tangu nimekuja. Nilimwambia Mselemu kila jioni, huyu mkeo atateketea."

Kumbe ndiyo habari yenyewe ya Kinyiramba.

"Usiondoke," nilisema. "Gauni hili peke yangu siliwezi."

Akatua mzigo, akanyoosha mkono. "Lete hizo kandambili."

Akazikalia mlangoni. Kila nilipoinuka, saruji baridi ilinigusa nyayo, nikajiuliza naenda wapi, nikakaa. Marietha alilipata gauni lake Ijumaa mchana.

Miaka imepita, bado nashona pekupeku. Wateja wakiuliza, nawaambia kuna mtu humu ndani ananifichia viatu. Safari hii ninao ushahidi, na simwachi aondoke.