Mwenye Silaha Afike Mwenyewe

Simu ya polisi ilimkuta Fundi Makochi na misumari sita mdomoni. Ndivyo wanavyofanya kazi watu wa sponji na vitambaa: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, mdomo ndio kopo la misumari. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba bunduki iliyoibwa nyumbani kwake imepatikana mtaroni ndani ya gunia, alichoweza kujibu ni "Mmh." Na alipoambiwa isipochukuliwa ndani ya siku ishirini na moja itakatwa na kuyeyushwa, akajibu "Mmh" nyingine, hiyo ndefu kidogo.

"Mwenye silaha afike mwenyewe, na kibali chake," simu ikasema, ikakatika.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Bunduki haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa na mwaka wa nne kaburini.

Mama huyo aliirithi kwa baba yake. Ilikuwa ya mtutu mmoja, kitako kimeshikwa hadi kinateleza, na kwa bunduki hiyo alilinda shamba la mahindi la kampuni dhidi ya nguruwe pori. Wenzake walimwita Mama Hakosi. Alipofariki, sheria ilitaka silaha irudishwe kituoni ndani ya mwezi mmoja, na Fundi alikusudia kuirudisha kweli. Halafu ikaja kwa posta fomu ya kuhuisha kibali, imeandikwa jina la mkewe. Badala ya kuandika "amefariki", akaijaza. Sahihi akaiga. Karani akagonga muhuri huku akipiga miayo. Mwaka uliofuata ikaja nyingine. Ilikuwa ndiyo barua pekee iliyokuja kwa jina la mkewe, na kila ilipofika Fundi aliingia nayo ndani akasema, "Mama, umeandikiwa."

Alikuwa amehamia mji mwingine baada ya mazishi. Majirani wapya aliwaambia mke yuko kwao, anauguza. Basi wakawa wanamtumia salamu. "Msalimie mama." "Zitafika." Miaka minne mtu anauguza! Mgonjwa wa namna hiyo angekuwa ameshapona, akaolewa, akaachika. Lakini jioni Fundi alipofunga karakana, zile salamu ndizo alizorudi nazo chumbani, na hakuwa na kingine cha kurudi nacho.

Alisitasita hadi siku ya ishirini. Akavaa koti, akaenda.

Mtunza ghala la vielelezo alikuwa koplo wa kike mwenye umri wa kuweza kuwa bintiye, na daftari pana kama mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata bunduki."

Koplo akasoma kibali, akamtazama mwanamke wa kwenye picha, kisha akamtazama Fundi na masharubu yake. "Baba, mmefanana kidogo sana."

"Ni mke wangu. Amesafiri."

"Siku ishirini zote?"

"Safari yenyewe ndefu."

"Hapa hata mkuu wangu akija kuchukua bunduki ya mkewe, namrudisha. Sheria inamtaka mwenyewe."

"Lakini mimi ndiye niliyeibiwa! Ilikuwa chini ya kitanda changu."

"Chini ya nini?"

"Ndani ya kabati la chuma."

"Nimesikia kitanda."

"Kabati lipo karibu na kitanda."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka: kijana aliyepoteza kitambulisho, mama muuza mitumba, na mzee mwenye plasta kwenye paji la uso. Koplo naye akajikaza asicheke. Akasema kwa upole, "Usihangaike, baba. Namba ya mama iko kwenye faili. Nampigia. Akiniambia anarudi lini, nakuombea siku kumi za nyongeza."

Fundi akafungua mdomo amzuie. Koplo alikuwa ameshabonyeza.

Simu ikalia mfukoni mwa Fundi.

Maana fomu zote nne alizijaza yeye, na penye namba ya mmiliki aliandika yake. Angeandika ya nani? Ikalia. Koplo akatazama ule mfuko, akatazama faili, wala hakukata.

"Pokea, baba."

Akapokea. Akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa kutoka mbali, na huku wametenganishwa na ubao wa kaunta tu.

"Haloo," akasema Koplo. "Naomba kuongea na mwenye silaha."

"Hayupo," Fundi akaiambia simu. "Amefariki. Huu mwaka wa nne."

Hakuna aliyecheka. Koplo akaishusha simu taratibu. "Pole sana, baba."

Ilikuwa pole ya kwanza aliyopewa katika mji ule.

"Utaandika maelezo," Koplo akaendelea, macho kwenye daftari. "Na hizo sahihi mkuu ataziona, siwezi kuzificha. Ukiitwa, uje."

"Nikiomba kibali kwa jina langu?"

"Mtu aliyemsainia marehemu mara nne? Hawatakupa, baba. Itayeyushwa."

"Basi niishike kidogo tu."

"Kuishika nako ni kwa mwenyewe."

Akaandika. Penye jina la mmiliki akatanguliza neno "marehemu", na herufi zikatoka mbovu kuliko zote alizowahi kuandika. Alipogeuka, muuza mitumba akasema, "Pole, kaka." Kijana akainuka, akampa mkono: "Pole, mzee." Mwenye plasta akasogea, akapigapiga benchi pembeni yake.

"Kaa kwanza. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Fundi akakaa. "Mkorofi," akasema, na sauti yenyewe ikamshangaza. "Siku moja dume la nguruwe liliingia shambani mchana kweupe. Mimi nimempelekea chakula. Akaniambia nilale chini, nisipumue. Sasa mimi, nimelala pale na sufuria kifuani..."

"Mwenye kesi ya ngazi!" sauti ikaita kutoka chumba cha pili.

"Ndiye mimi." Mzee akanyanyuka, akashika paji la uso. "Nakuja. Usisahau ulipoishia."

Mlango ukafungwa. Muuza mitumba alikuwa ameshaitwa kwenye kaunta, kijana anasoma simu yake. Shughuli ya Fundi pale ilikuwa imekwisha, na karakana ilimngoja na kochi lililovuliwa nusu. Akabaki amekaa, anautazama ule mlango.