Maabara ya Kuhamishika

Kigingi cha mwisho cha kupimia kiwanja kilikuwa kimelala majini, kamba yake nyekundu ikielea juu ya povu. Msanifu majengo alikitazama, kisha akaketi mchangani kama mzigo uliotuliwa. Msimu uliopita hapo palikuwa na nyasi. Hapo ndipo alipokusudia kusimamisha kituo cha utafiti wa bahari: kuta nene za mawe zisizohitaji viyoyozi, paa la kuvuna mvua, msingi wa zege wa kuishi karne. Miaka nenda miaka rudi alichora, akafuta, akachora tena, mpaka wafadhili wakaridhika. Sasa bahari nayo ilikuwa imetoa maoni yake.

Dada yake alimngoja ndani ya kontena walilozoea kuliita maabara. Alikuwa mtafiti wa matumbawe, na kituo hicho alikuwa akikililia tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi tii. Mle ndani joto lilikuwa la tanuri. Katika tangi la plastiki, nusu ya matumbawe yalikuwa yamepauka.

"Niambie habari njema, mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Hata ya uongo."

"Ufukwe unaliwa, dada. Tukijenga pale, maji yatabisha hodi kabla hujastaafu."

"Basi jenga. Nitafanya kazi humo mpaka yabishe."

"Na watakaokuja baada yako?"

Dada akacheka kicheko kikavu. "Kungoja nako ni kazi, bwana, na mimi nimeifanya mpaka mgongo umepinda. Wafadhili wakisikia tunaanza upya watakunja jamvi. Wewe unaniletea hesabu za watu ambao hawajazaliwa!"

Msanifu alijipekua moyoni, akaona haya. Kilichomuuma kupita yote hakikuwa matumbawe wala mgongo wa dada yake. Zilikuwa zile kuta za mawe. Alitaka kuacha duniani kitu kisichong'oka.

Akaigeuza karatasi ya mchoro wa kituo aliyokuja nayo, na upande wa nyuma akaanza kuchora kwa penseli: vyumba vyepesi vya mbao juu ya nguzo, baraza pana la kivuli, matundu ya kupitishia upepo, kila chumba kimeshikwa kwa bolti.

Dada akachungulia. "Banda la kuku hilo."

"Banda linalofunguliwa na kubebwa. Bahari ikisogea, nalo linasogea. Halitaki zege, kwa hiyo halitachukua muda mrefu kulijenga."

"Wakikataa?"

"Watakataa. Nitawaeleza tena."

Dada akavuta kigoda, akalaza kichwa juu ya mikono yake pembeni mwa karatasi.

"Meza yangu iko wapi?"

"Hapa, upepo unapoingilia."

"Weka na dirisha," alisema, macho ameyafumba. "Kubwa kidogo."

Msanifu akaanza kulichora. Kabla hajalimaliza, pumzi za dada yake zilikuwa zimekuwa nzito. Akalegeza mkono, penseli isikwaruze.